Ujasiri Kabla ya Mali

Neno ujasiriamali limebeba mambo mawili: ujasiri na mali. Tukiitazama historia ya wasomi wetu, tunaona kwamba lililotusumbua zaidi ni lile la kwanza.

Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kupinga kulazimishwa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere akawarudisha nyumbani karibu 400. Machi 1967 akatoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule zimwandae kijana kufanya kazi na kuitumikia jamii, wala zisimtenge na wazazi wake wakulima. Hata hivyo, kwa miaka mingi iliyofuata mhitimu wa chuo alipangiwa kazi na serikali. Cheti kilikuwa ahadi ya ofisi. Miaka ya 1990 serikali ilipunguza wafanyakazi, na ahadi ile ikafa. Lakini matarajio yake yamebaki mioyoni mwetu sisi wazazi.

Ndipo vyuo vikaanza kufundisha ujasiriamali. Sisi tunaowalea wanafunzi kiroho tumeona mabadiliko. Kijana aliyeona haya kuuza mayai bwenini sasa anaandika hesabu zake bila kujificha. Lakini tumeona na machozi. Mtaji ukipotea, anajiona yeye mwenyewe amepotea. Somo lililompa ujasiri limegeuka hukumu.

Mwaka 1520 Martin Luther alifundisha kwamba fundi viatu, mhunzi na mkulima, kila mmoja katika kazi yake, wamewekwa wakfu kwa ubatizo sawasawa na padre. Kwa kazi yetu tunamhudumia jirani; hatupandi kwayo kwenda kwa Mungu, maana tunahesabiwa haki kwa neema. Yule mtumwa wa Mathayo 25 aliifukia talanta kwa sababu aliogopa: alimwona bwana wake kuwa mtu mgumu. Bali anayemjua Mungu kuwa Baba huthubutu, na akianguka huanza upya.

Basi kijana wetu arudipo na shahada bila barua ya ajira, au na deni la biashara iliyokufa, tusianze kwa kumhesabia ng'ombe tuliouza ili asome. Tumkaribishe kwanza mezani. Ujasiri huanzia hapo. Mali itafuata, au isifuate. Yeye ni mtoto wetu, naye ni mtoto wa Mungu.