Istilahi: Maelezo ya Kiini

Kwenye milango ya nyumba nyingi za Magomeni, Dar es Salaam, kuna kibao: "Barafu zinauzwa." Muulize mama mwenye friza anavyotengeneza barafu za ubuyu, naye atakutajia hatua zote. Ubuyu unachemshwa na sukari, unachujwa, unaachwa upoe, unafungwa kwenye vifuko, unagandishwa. Hayo ni maelezo. Muulize tena kwa nini lazima upoe kwanza, na jibu lake, liwe lolote, nalo litaitwa maelezo. Anayetaka kuandika falsafa ya sayansi kwa Kiswahili hukwama hapo, kwa sababu falsafa hiyo inaanzia pale kueleza lilivyo jambo kunapoachana na kueleza kwa nini liko hivyo.

Swali la kupoza kwanza lina historia kubwa nchini mwetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, aliingiza kwenye friji maziwa ya moto yenye sukari, kwa kuogopa kukosa nafasi. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia bila kuchemshwa. Mwalimu alimwambia kuwa amechanganyikiwa. Mpemba alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyekuja kutoka Dar es Salaam, kwa nini maji ya nyuzi 100 yanatangulia kuganda kuliko ya nyuzi 35. Osborne akaagiza jambo hilo lijaribiwe maabara, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la *Physics Education*.

Tangu hapo visababishi vingi vimependekezwa: uvukizaji, mzunguko wa maji ndani ya chombo, gesi zinazotoka maji yakichemka, barafu ya friji kuyeyuka chini ya chombo cha moto. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walidai kuwa hata tukio lenyewe halina ushahidi wa kutosha. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer, huko Canada, walionyesha tabia inayofanana nalo kwa chembe ndogo mno. Unaweza basi kuwa na jedwali kamili la halijoto, dakika kwa dakika, na swali la kijana yule likabaki palepale.

Mwaka 1948 wanafalsafa Hempel na Oppenheim walisema kueleza tukio ni kulitoa kimantiki katika kanuni za maumbile na hali za mwanzo. Fikra safi, lakini ina tundu. Kutokana na urefu wa mlingoti na pembe ya jua unakokotoa urefu wa kivuli. Kutokana na kivuli na pembe ileile unakokotoa urefu wa mlingoti. Hesabu ni halali pande zote mbili, ila hakuna mlingoti uliorefushwa na kivuli chake. Kwa hiyo, kwa maelezo yanayojibu kwa nini, wengine wangependa tuseme "maelezo ya sababu". Katika fizikia ningekubali bila kusita, maana sababu ina upande inakotoka na upande inakoelekea.

Hisabati inaikataa istilahi hiyo. Jumlisha 1 hadi 100. Unaweza kuthibitisha kanuni ya jumla hiyo kwa induksheni: inafaa kwa 1, na ikifaa kwa namba yoyote inafaa kwa inayofuata. Umethibitisha, ila msomaji bado anajiuliza kanuni imetoka wapi. Sasa oanisha 1 na 100, 2 na 99, 3 na 98: jozi 50, kila moja ina 101, jumla 5050. Hapa mtu anaona. Mwanafalsafa Mark Steiner aliandika mwaka 1978 kuhusu tofauti hii, kati ya uthibitisho unaoeleza na ule unaothibitisha tu. Hakuna kilichosababisha kingine, namba hazisukumani.

Ndiyo maana napendekeza "maelezo ya kiini". Jozi za 101 ni kiini cha jumla ile, na kisababishi cha maziwa kuwahi kuganda, kikipatikana, kitakuwa kiini cha tukio lile. "Ufafanuzi" nauacha, kwa kuwa tunafafanua pia sheria, shairi na hotuba. Wapo watakaonipinga wakisema kuwa fizikia inalo tayari neno kiini, la atomi. Ni kweli, na biolojia inalo la seli, na jikoni tunalo la yai. Sijamwona mwanafunzi aliyevichanganya.