Saed Kubenea

Saed Kubenea ni mwandishi wa habari, mchapishaji na mwanasiasa wa Tanzania. Anajulikana hasa kwa gazeti lake la kila wiki, MwanaHALISI, lililochapishwa na kampuni yake ya Hali Halisi na kujijengea jina kwa habari za ufisadi.

Januari 2008 wavamizi waliingia ofisini mwake Dar es Salaam, wakammwagia tindikali usoni na kumjeruhi kwa panga mwenzake, Ndimara Tegambwage. Kubenea alitibiwa India. Serikali ililifungia gazeti hilo miezi mitatu mwaka 2008, kisha kwa muda usiojulikana Julai 2012. Septemba 2017, Kubenea akiwa tayari mbunge, lilifungiwa tena miezi 24. Leseni ya gazeti hilo ilirejeshwa Februari 2022.

Mwaka 2015 alichaguliwa mbunge wa Ubungo kwa tiketi ya CHADEMA. Mwaka 2020 alihamia ACT-Wazalendo, chama kilichoongozwa na Zitto Kabwe, aliyekuwa mbunge wa Kigoma Mjini. Kubenea aligombea Kinondoni mwaka huohuo, akashindwa na Abbas Tarimba wa CCM.