Utambuzi wa saratani ya ngozi

Utambuzi wa saratani ya ngozi ni uchunguzi wa kitabibu unaolenga kujua kama doa, kidonda au uvimbe kwenye ngozi ni saratani. Daktari hutumia njia mbili: kupiga picha kwa mwanga bila kukata ngozi, na biopsi, yaani kukata kipande kidogo cha ngozi ili kipimwe maabara.

Picha za mwanga

Dermoskopu ni kifaa cha mkononi chenye taa na lenzi inayokuza takriban mara 10. Huonyesha mpangilio wa rangi na mishipa ya damu usioonekana kwa macho matupu.

Hadubini ya konfokali hutumia leza na kuonyesha hata seli moja moja, lakini hufika kina cha milimita 0.2 hivi tu. Tomografia ya mwanga, iliyoelezwa mara ya kwanza mwaka 1991, hufika milimita 1 hadi 2, ila picha zake hazina undani huo.

Njia hizi haziumi wala haziachi kovu, na doa lilelile linaweza kupigwa picha tena baada ya miezi kadhaa ili kuona kama limebadilika.

Biopsi

Mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi, kisha kipande hukatwa, hutiwa rangi na kuchunguzwa kwa hadubini. Majibu huchukua siku kadhaa au zaidi. Kidonda kinaweza kuvuja damu, kupata maambukizi au kuacha kovu. Tena, kipande kikikatwa mahali pasipofaa, saratani inaweza kukosekana.

Ulinganisho

Hata hivyo, biopsi ndiyo inayothibitisha ugonjwa. Mwaka 1970 Alexander Breslow wa Marekani alionyesha kwamba unene wa melanoma, ukipimwa kwa milimita, husaidia kutabiri hatima ya mgonjwa. Kipimo hicho huongoza matibabu, nacho hupatikana kwenye kipande kilichokatwa.

Picha husaidia kuchagua mahali pa kukata. Jambo hili ni muhimu kwa watu wenye ualbino, ambao ngozi yao ina melanini kidogo au haina kabisa. Katika Afrika Mashariki wengi wao hupata madoa mengi yaliyosababishwa na jua, na haiwezekani kuyakata yote. Lakini doa likiendelea kutiliwa shaka baada ya picha, biopsi haipaswi kuahirishwa.