Kaunta ya njia panda: historia ya vifurushi Niania

Kwenye ramani ya Ituri, Niania ni mji wa pembeni, magharibi kabisa mwa mkoa, msituni, jirani na Tshopo na Haut-Uele. Kwa shofa wa lori mambo ni kinyume. Barabara ya Taifa Namba 4 inayotoka Kisangani, zaidi ya kilomita 300 upande wa machweo, inapita hapa ikienda Epulu, Mambasa na Komanda, kisha inagawanyika: huku Bunia, huku Beni. Na ni hapa hapa inapochepuka njia ya Wamba na Isiro. Mzigo wa barabara hii unaotoka Kisangani kwenda Bunia hauna budi kupita Niania.

Ndiyo maana katika miji ya barabara hii duka halikai kwa kuuza sabuni na chumvi peke yake. Nyuma ya kaunta kuna pembe ya koli, yaani vifurushi: magunia yaliyoshonwa kwa kamba ya nailoni, maboksi yaliyozungushiwa utepe wa gundi, bahasha zilizokunjwa mara tatu. Kila moja limeandikwa kwa wino mzito jina la mpokeaji, mji wake na namba ya simu. Mwenye duka anaandika kwenye daftari, anapokea malipo, anamkabidhi shofa au motari, kisha anampigia simu mwenzake wa mji wa pili. Huduma hii inaonekana ya juzi, iliyozaliwa na simu ya mkononi. Ukiifuatilia utafika mbali sana, na tangu mwanzo utakuta inazunguka swali moja: koli likipotea njiani, nani anajibu?

Wajumbe wa pauni 10

Mto Ituri unapita kusini kidogo ya Niania, na ukingoni mwake ndipo ilipo Avakubi, kituo kilichokuwa maarufu kabla ya njia panda yenyewe kujulikana. Wabelgiji walipokuwa hawajashika nchi, mto huo ulikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa pembe za ndovu waliozungumza Kiswahili. Mmoja wao, Ugarrowwa, alikuwa na kambi kando ya mto mwaka 1887, Henry Morton Stanley alipopita na msafara wa kumwokoa Emin Pasha.

Stanley alikuwa ameacha Yambuya kundi la nyuma na shehena kubwa chini ya Meja Edmund Barttelot. Februari 1888, akiwa ngomeni Fort Bodo katikati ya msitu, alichagua wajumbe 20 wapeleke barua kwa meja huyo, kila mmoja kwa ahadi ya pauni 10 akifika. Zilikuwa fedha nyingi kwa mwajiriwa wa msafara. Barua haikufika. Wajumbe walishambuliwa njiani, wengine wakafa, na Agosti 1888 Stanley mwenyewe, akiteremka mto kwenda kutafuta kundi lake, aliwakuta manusura wakiwa na mitumbwi ya Ugarrowwa. Barttelot alikuwa ameshapigwa risasi Banalya tangu tarehe 19 Julai.

Mpango ule ulikuwa na kila kitu ambacho kaunta ya leo inacho: mtumaji, mpokeaji, mbebaji na bei iliyokubaliwa. Kilichokosekana ni mdhamini. Hasara yote ilimwangukia aliyebeba.

Tani 54 kichwani

Wakati huo huo, kwenye makaratasi, posta ilikwisha kuingia Kongo. Dola Huru ya Mfalme Leopold ilijiunga na Umoja wa Posta Duniani tarehe 1 Januari 1886 na kuchapa stempu zake mwaka uleule. Msituni, posta ilimaanisha shingo za wapagazi, wengi wao wakitolewa vijijini kwa lazima, kila mtu na mzigo wa kilo 30 hivi.

Baadhi ya vifurushi vya enzi hiyo vilitikisa vyuo vya Ulaya. Mwaka 1900 Harry Johnston, mkuu wa utawala wa Uingereza huko Uganda, alipata kutoka msitu wa Ituri vipande vya ngozi yenye mistari, akavituma London. Wataalamu walidhani ni aina ya punda milia. Mwaka uliofuata alipelekewa na Karl Eriksson, ofisa Mswidi wa Dola Huru, ngozi nzima na mafuvu mawili. Hapo ndipo dunia ya sayansi ilipotambua kwamba mnyama yule ni jamaa ya twiga, naye ndiye okapi, ambaye hifadhi yake leo inaizunguka barabara ya Niania hadi Epulu. Wambuti, wenyeji wa msitu huo waliokuwa wakimwinda tangu enzi, hawakuhitaji kifurushi kuamini kwamba yupo.

Kubwa kuliko yote ilikuwa kazi ya Herbert Lang na James Chapin, waliotumwa na Jumba la Makumbusho ya Viumbe la New York kati ya 1909 na 1915. Walipita Avakubi wakielekea Medje na nchi ya Uele, wakikusanya wanyama, ndege, samaki na kazi za mikono. Walipomaliza, mali yao ilikuwa tani 54 hivi, na wapagazi waliopokezana mizigo katika miaka yote hiyo walihesabiwa kufikia 38,000. Watu hao ndio waliokuwa barabara, ndio waliokuwa lori, na majina yao hayakuandikwa kwenye sanduku lolote.

Mwaka 1913 Chapin alichukua Avakubi unyoya mmoja uliopamba kofia ya mwenyeji, akashindwa kutambua ni wa ndege gani. Alikaa nao zaidi ya miaka 20. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, aliona ndege wawili waliokaushwa wenye unyoya uleule. Walikuwa pale miaka mingi, lakini lebo yao ilisema ni tausi wa kufugwa kutoka ng'ambo, basi hakuna aliyewaangalia mara ya pili. Ndivyo tausi wa Kongo alivyopata jina la kisayansi. Kila mwenye kaunta anaijua hatari hiyo: koli lenye maandishi mabaya limepotea hata kama liko mbele ya macho yako.

Lori, Mgiriki na karatasi

Barabara ya magari ilipokatwa kutoka Stanleyville, Kisangani ya leo, hadi Irumu, Avakubi ilififia na njia panda ikachukua nafasi yake. Kaskazini, kampuni ya Vicicongo iliyoundwa mwaka 1924 ilijenga reli nyembamba kutoka Aketi, ikafika Mungbere mwaka 1937, na malori yake yakaunganisha reli na barabara za kanda hii. Pamoja na lori ilikuja karatasi ya mzigo: idadi, uzito, mahali pa kutoka na mahali pa kufika. Mwenye karatasi hiyo aliweza kwenda ofisini na ushahidi mkononi kudai mzigo wake.

Pamoja na lori lilikuja pia duka. Wafanyabiashara wa Kigiriki na wa Kihindi walifungua maduka kote kaskazini-mashariki mwa Kongo, wengine wakiwa na malori yao wenyewe. Palipokuwa mbali na ofisi ya posta, duka lilikuwa mahali pa kuulizia barua, kuacha kifurushi na kusubiri gari.

Simulizi la kifurushi linalojulikana sana kutoka pande hizi ni la miaka ya 1950. Dakta Helen Roseveare, Mwingereza aliyefika Kongo mwaka 1953, alikuwa akifanya kazi Nebobongo, kaskazini mwa Niania, upande wa Isiro. Usiku mmoja mama alifariki akijifungua na kuacha mtoto njiti na dada yake wa miaka miwili. Chupa ya mpira ya maji moto, ya kumpasha mtoto joto, ilipasuka. Adhuhuri ya kesho yake, msichana wa miaka 10 aitwaye Ruth aliomba katika sala Mungu alete chupa nyingine siku ileile, na mwanasesere kwa ajili ya yule dada. Alasiri kikafika kifurushi kutoka Uingereza, cha kwanza kumfikia daktari huyo kutoka nyumbani kwa karibu miaka minne. Ndani mlikuwa na chupa ya maji moto na mwanasesere.

Mwamini atakuambia ni jibu la sala, na Roseveare mwenyewe alilisimulia hivyo maisha yake yote. Mtu wa usafirishaji ataongeza kwamba kifurushi hicho kilikuwa njiani kwa miezi mitano, kikapita bandari, forodha na mikono mingi, na kikafika kikiwa hakijafunguliwa. Mfumo ulikuwa wa polepole, lakini ulikuwepo.

Posta inanyamaza

Mfumo huo ulivunjika kwa awamu. Uasi wa Simba wa mwaka 1964 ulikata barabara. Roseveare naye akatekwa miezi kadhaa. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitapewa raia wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Maduka ya Wagiriki yaligawiwa watu ambao wengi hawakujua kununua bidhaa upya, na rafu zikabaki wazi. Barabara zikaliwa na msitu, malori yakakwama wiki nzima kwenye tope. Posta ya taifa ilibadilisha majina, ONPTZ, kisha OCPT, leo SCPT, lakini bahasha ilizidi kuwa nadra.

Watu wakajitafutia. Katika miaka ya 1980 na 1990 kila mji wenye biashara ulikuwa na foni, redio ya masafa marefu: fedha zilipokelewa mji mmoja, neno la siri likasomwa hewani, mpokeaji akalipwa mji mwingine. Foni ilibeba ujumbe na fedha, haikuweza kubeba koli. Vita vya 1998 vilipoanza, koli lilirudi kwenye nguvu za mtu: vijana walisukuma baiskeli zilizofungwa magunia na madumu, mamia ya kilomita kwa miguu, wakilipa kwenye kila kizuizi cha wenye bunduki.

Oktoba 2002 yanatokea mambo mawili yasiyojuana. Tarehe 16, mjini Kinshasa, inatiwa saini Sheria namba 012/2002 inayopanga huduma za posta nchini. Mwezi huohuo waasi wa makundi ya MLC na RCD-N wanaiteka Mambasa, na raia wanakimbilia msituni. Sheria ilikuwa imetungwa kwa nchi ambayo barabara yake ilikuwa haipitiki.

Duka linarudi

Baada ya amani ya 2003, barabara ilitengenezwa upya kwa fedha za Benki ya Dunia. Minara ya simu ikafuata, na mwishoni mwa 2012 Vodacom ikaleta M-Pesa. Hapo ndipo kaunta ya leo ilipopata umbo lake. Fedha, ambazo zamani zilifichwa ndani ya koli na kumtia tamaa kila aliyeligusa, zilianza kusafiri peke yake kwa simu. Koli likabaki dawa, vipuri vya pikipiki, nguo za harusi, nyaraka za shule. Namba ya simu iliyoandikwa juu yake ikawa anwani, katika mji ambao nyumba hazina namba.

Kwingine duniani duka lilifika hapo kwa njia nyingine. Marekani, kampuni ya Mail Boxes Etc. ilianza kufungua kaunta za vifurushi eneo la San Diego mwaka 1980, UPS ikainunua mwaka 2001 na miaka miwili baadaye maduka mengi yakavaa jina lake. Nairobi, Pickup Mtaani inatumia maduka ya mitaani kama vituo vya kuacha na kuchukua mizigo. Tofauti ni kwamba huko nyuma ya duka kuna kampuni inayoweza kudaiwa. Katika barabara ya Niania, mara nyingi nyuma ya duka kuna mwenye duka tu.

Naye anafanya kazi katika mazingira magumu. Juni 2012 wanamgambo wa Mai-Mai Simba walishambulia Epulu, wakaua watu na okapi 14. Mei 2021 Ituri iliwekwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi, na mashambulizi ya kundi la waasi la ADF yamelazimisha magari ya sehemu za barabara hii kwenda kwa misafara inayosindikizwa na askari. Lori likichomwa, daftari la duka linaonyesha kilichoungua, halisemi nani atalipa.

Hata hivyo daftari hilo ni hatua kubwa. Limerudisha kile ambacho lori la Vicicongo lilileta na vita vikaondoa: maandishi. Linalobaki ni kuyapa nguvu, na hilo halihitaji serikali ijenge ofisi mpya. ARPTC, mamlaka ya kusimamia posta na mawasiliano, na uongozi wa mkoa wanaweza kuwapa wenye kaunta kibali chepesi cha bei ndogo, chenye sharti la risiti ya nakala mbili na kiwango cha fidia kinachojulikana. Kibali kikigeuzwa kuwa kodi nyingine ya kizuizini, maduka yatajificha na daftari litafungwa.

Nawe unayetuma, usiondoke kaunta mikono mitupu. Taja kilichomo na thamani yake mbele ya mwenye duka, hakikisha jina na namba vimeandikwa pande mbili za koli, piga picha, na udai karatasi yenye tarehe na saini. Akikataa kuandika, peleka koli lako duka la jirani.