Mbaruk wa Gazi na Vita vya Ng'ambo

Historia ya Mombasa huandikwa kutoka kisiwani, Ngome ya Yesu ikiwekwa mbele, na ng'ambo ya Likoni, Kisauni na Changamwe ikitajwa kama njia ya kupitia tu. Maisha ya Mbaruk bin Rashid wa Gazi yanakataa mpangilio huo. Baba yake, Rashid bin Salim, alikuwa liwali wa mwisho wa Kimazrui mjini Mombasa, aliyeng'olewa na Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, mwaka 1837. Ukoo ulipopoteza ngome, Mbaruk alijenga nguvu zake mashambani, huko Gazi, kusini mwa Likoni.

Nguvu hizo zilikuwa watu: jamaa zake, Wadigo, na watoro waliowakimbia mabwana zao. Tusimpambe. Wamazrui wenyewe waliishi kwa jasho la watumwa. Lakini mtoro alikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa misheni: Freretown, iliyofunguliwa Kisauni mwaka 1875, na Rabai, ambako Januari 1889 Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki aliwalipa mabwana fidia, watoro wapatao 1,400 wakapewa hati za uhuru. Mlango wa pili ulikuwa boma la Mbaruk kule Mweli, karibu na vilima vya Shimba. Huko hati yako ilikuwa bunduki.

Mwaka 1882 Lloyd Mathews alilizingira Mweli kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar, akaliteka, naye Mbaruk akaponyoka. Baadaye Kampuni ikaona heri kumlipa mshahara kuliko kupigana naye.

Mwaka 1895 ugomvi wa urithi ulizuka Takaungu, Waingereza wakamuunga mkono mpinzani wa kijana mmoja wa ukoo, Mbaruk mwingine, naye akakimbilia Gazi. Mzee wa Gazi alitakiwa achague: mshahara wa Waingereza au damu ya ukoo. Akachagua damu. Tarehe 17 Agosti askari wa Admirali Rawson wa Uingereza wakaliteka Mweli, lakini vita vikasambaa pwani nzima. Mzee sasa alitawala watu wasio na mji: wanawake, watoto na wapiganaji waliohitaji chakula kila siku huku wakihamahama. Waliletwa askari Wabaluchi kutoka India, na Aprili 1896 akavuka mpaka wa koloni la Wajerumani na wafuasi wake, akajisalimisha kwa Wissmann, gavana wa Kijerumani.

Alifariki Dar es Salaam mwaka 1910. Waingereza, waliokuwa wamemfukuza, waliendelea kuitawala Pwani kwa maliwali na mamudiri, kwa maana bila wao sauti ya serikali isingefika vijijini.