Mwanafunzi akipata dharura nje ya nchi, chuo chake hufanya nini?

Mwishoni mwa Februari 2020, wakati Corona ikisambaa kaskazini mwa Italia, Chuo Kikuu cha Syracuse na Chuo Kikuu cha New York vilisitisha masomo kwenye matawi yao ya Florence. Wanafunzi wakaanza kufungasha mabegi katikati ya muhula.

Machi 9, serikali ya Italia ikatangaza kufunga nchi nzima. Aliyeondoka wiki mbili kabla alikuwa tayari yuko kwao.

Kwenye dharura ya ugenini, kuamua mapema ndiyo nusu ya uokoaji. Vyuo vinavyopeleka wanafunzi nje vina utaratibu wa kazi hiyo. Hivi ndivyo unavyokwenda.

Kazi huanza kabla ya safari

Chuo hukusanya taarifa za kila mwanafunzi: nakala ya pasipoti, anakofikia, namba yake ya simu, maradhi aliyonayo na mtu wa kupigiwa likitokea la kutokea.

Pia huangalia usalama wa nchi anakokwenda. Tangu 2018, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inazipanga nchi kwa ngazi nne. Ya kwanza ni kuchukua tahadhari za kawaida, ya nne ni usisafiri kabisa. Vyuo vingi vya Marekani havipeleki wanafunzi wa shahada ya kwanza kwenye nchi ya ngazi ya nne, na ya tatu huhitaji kibali maalumu.

Uingereza nako, kwenda sehemu ambayo serikali imeshauri watu wasiende kunaweza kufuta bima yako ya safari.

Saa za kwanza

Likitokea tetemeko, shambulio au machafuko, swali la kwanza ni moja: nani yuko wapi?

Mratibu wa safari huwasaka wanafunzi mmoja mmoja kwa simu, ujumbe mfupi, WhatsApp na barua pepe. Kila mmoja anatakiwa kujibu kama yuko salama. Asiyejibu hutafutwa kupitia mwenzake wa chumba, familia anayoishi nayo au chuo mwenyeji.

Ndiyo maana mwanafunzi aliyekwenda kutembea mji mwingine wikiendi bila kuaga huwapa watu presha. Huenda hana hata mchubuko, lakini kwenye orodha anahesabika kuwa hajapatikana.

Huku nyuma, chuoni hukutana timu ya dharura: ofisi ya masomo ya nje, usalama, wanasheria, washauri wa afya ya akili na watu wa mawasiliano. Timu hiyo ndiyo huamua wanafunzi wabaki ndani, wahamishiwe mji mwingine au warudishwe nyumbani. Mara nyingi jibu la kwanza huwa kubaki ulipo, kwa sababu barabara ya kwenda uwanja wa ndege inaweza kuwa hatari kuliko chumba ulichomo.

Nani anamtibu, nani analipa?

Vyuo vingi huingia mkataba na kampuni za msaada wa safari kama International SOS, zenye vituo vya simu vinavyofanya kazi saa 24. Mwanafunzi akiugua, anaongea na daktari kwa simu, anaelekezwa hospitali, na ikibidi anatafutiwa ndege.

Afrika Mashariki, jina linalojulikana kwa kazi hiyo ni AMREF Flying Doctors, yenye makao Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi. Ndege zake hubeba wagonjwa kutoka maeneo ya mbali na kuwafikisha kwenye hospitali kubwa.

Lakini bima si zote zinafanana. Ipo inayolipa matibabu na hailipi ndege ya wagonjwa. Ipo inayolipa ndege kwa ugonjwa na hailipi kuondolewa kwenye vita. Usitegemee serikali ikubebe bure pia: Marekani, raia anayeokolewa na serikali kwa kawaida husaini ahadi ya kurudisha nauli.

Mzazi ataambiwa?

Si kila mara. Sheria ya Marekani hulinda taarifa za mwanafunzi hata kwa mzazi wake, ila inaruhusu chuo kuzitoa pale afya au usalama unapokuwa hatarini. Kwa hiyo ile fomu ya mtu wa kupigiwa wakati wa dharura ijazwe vizuri, na namba iwe ya mtu anayepokea simu.

Aliyekwenda mwenyewe je?

Hapa ndipo wengi huteleza. Aliyepelekwa na chuo chake kwa miezi michache ana chuo nyumbani kinachomfuatilia. Aliyejiunga moja kwa moja na chuo cha nje hana. Vita ikifika mlangoni, chuo anachosoma nacho kinaweza kuwa kimefungwa.

Mapigano yalipoanza Khartoum Aprili 15, 2023, uwanja wa ndege ulifungwa. Watanzania waliokuwa Sudan, wengi wao wanafunzi, walitolewa kwa barabara hadi Ethiopia, kisha wakarudishwa nyumbani kwa ndege. Iliyosimamia kazi hiyo ni serikali. Na ubalozi unampata haraka zaidi mtu ambaye jina lake tayari linalo.

Kabla hujapanda ndege

• Jiandikishe ubalozi wa nchi yako, au ubalozi unaohudumia nchi unayokwenda.

• Uliza bima yako maswali mawili: inalipa ndege ya wagonjwa? Inalipa kuondolewa kwenye machafuko?

• Andika namba za dharura kwenye karatasi pia. Simu huisha chaji.

• Weka akiba ya pesa taslimu na nakala ya pasipoti mbali na begi kubwa.

• Ukisafiri wikiendi, mwachie mtu mmoja taarifa ya unakokwenda.

• Ukiulizwa kama uko salama, jibu hapo hapo. Neno "niko salama" linatosha, na linampa anayekutafuta nafasi ya kumtafuta mwenzako ambaye bado hajajibu.