Mto Mmoja, Mataifa Mawili

Nilikuwa Talatala, Kyela, kumsalimia bibi. Nikiwa huko tukaletewa habari ya msiba ng'ambo ya Mto Songwe, upande wa Karonga, Malawi. Bibi akatoa hati yake ya kusafiria sandukuni huku akiguna: "Mjukuu wangu, hata kwenda kumzika ndugu yangu niombe ruhusa?"

Swali hilo limenikaa kichwani. Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa kule wanaelewana kwa lugha na wanaoana tangu zamani. Waliotutenganisha ni Waingereza na Wajerumani, kwa mkataba wao wa tarehe 1 Julai 1890. Hakuna mzee wa Kyela wala Karonga aliyeulizwa.

Cha kushangaza, harakati za uhuru zilipopamba moto, kila upande ulidai uhuru ndani ya mipaka ile ile ya mkoloni. Kwa nini?

Huku kwetu, miaka ya 1930 vijana wengi walikwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya. Huko walifanya kazi na watu wa makabila mengine, na Kiswahili kikawaunganisha. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, ilikuta lugha ya kuwahutubia wote ipo tayari. Hata Indonesia ilikuwa hivyo: mwaka 1928 vijana wake waliapa kuwa taifa moja, wakachagua lugha iliyotokana na Kimalay, si Kijava chenye wasemaji wengi zaidi.

Ng'ambo, wenzetu walikuwa na chama chao tangu 1944, Nyasaland African Congress. Kilichowaunganisha zaidi ni kulipinga Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland la mwaka 1953. Dk. Banda alirudi 1958, na tarehe 3 Machi 1959 serikali ikatangaza hali ya hatari na kuwakamata viongozi. Mngonde, Mtumbuka na Mchewa wakajikuta katika shida moja.

Sisi tukapata uhuru 1961, wao 1964. Ndipo nikaelewa: taifa halitokani na damu peke yake. Linajengwa na watu waliohangaika pamoja na kusemezana.

Mpaka wa ziwani serikali zetu bado hazijaafikiana. Wanaokaa mezani kuujadili wasiangalie ramani tu. Wamkumbuke na bibi, ambaye ni Mtanzania kamili, na ndugu zake wamezikwa Malawi.

Tutafakari.